Likelemba ya maili: shajara ya mradi wetu, Lubumbashi

8 Januari

Juzi nilirudi kutoka Guangzhou, China. Kabla sijafungua mabegi nilitandaza risiti zote mezani, na hesabu ikaninyima usingizi. Begi moja la ziada nililolipia uwanjani limekula faida ya jozi 36 za viatu vya watoto. Tiketi yangu iliruhusu mabegi 2 ya kilo 23. La tatu ndilo lililoniumiza, na sikumbuki safari hata moja ambayo sikuwa na la tatu.

Tuko wanawake 5 katika likelemba yetu, yaani upatu. Kuna mimi mwenye viatu, kuna Mama wa Mapazia ambaye ndiye mkubwa wetu, kuna mapacha wa Katuba wanaouza vyombo vya jikoni, na kuna mdogo wetu wa Ruashi mwenye meza ya mikoba katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Kila mwezi kila mmoja anatoa dola 500, na anayepokea ndiye anayesafiri kununua mali. Mdogo wetu peke yake hajawahi kupanda ndege. Zamu yake ikifika anatupa orodha na picha, nasi tunamnunulia.

Kwa miaka 6 tumepita njia ileile, kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, hadi Addis Ababa, Addis hadi Guangzhou. Kila mara tukinunua tiketi tunaulizwa namba ya mwanachama wa programu ya maili, yaani pointi ambazo kampuni ya ndege humpa msafiri wake, na kila mara tunaliruka swali hilo. Mwaka huu sitaliruka. Nataka kujua safari zetu zinaweza kuturudishia nini, na kwanza kabisa nataka begi la tatu liache kula viatu.

15 Januari

Miaka iliyopita kijana wa ajansi ya tiketi alinifungulia akaunti ya ShebaMiles, programu ya Ethiopian Airlines, na neno la siri nikalisahau. Leo nimelipata jipya na kuingia. Maili 21,480! Nilipiga kelele hadi watoto wakaja mbio. Halafu nikasoma mstari wa chini: maili huwa na umri, na sehemu ya zangu inakufa Desemba mwaka huu. Kwa hiyo mradi umepata tarehe ya mwisho bila mimi kuipanga.

Nimesoma hadi saa sita usiku. Mambo haya si mageni duniani. American Airlines ya Marekani ilianzisha programu yake mwaka 1981, na wengine wakafuata upesi. Ushauri mwingi unaopatikana unaandikwa na watu wa huko, na karibu wote unahusu kadi za mkopo za benki: chukua kadi hii, tumia kiasi hiki, upewe maili elfu kadhaa. Kwetu hiyo haitusaidii. Kadi yangu ni ya kulipia kabla, naweka dola zangu mwenyewe, na haizai kitu. Sisi maili zetu zitatoka angani tu.

Jambo nililolielewa leo na ambalo lazima niwaeleze wenzangu ni kwamba maili ziko za aina mbili. Kuna za kutumia, unazoweka kama akiba na kununulia tiketi. Na kuna za daraja, zinazohesabiwa kwa mwaka ili kuona kama unapanda kuwa mwanachama wa fedha au wa dhahabu. Za daraja hazinunui kitu. Lakini Ethiopian iko ndani ya Star Alliance, muungano wa kampuni za ndege, tangu mwaka 2011, na mwanachama wa dhahabu wa muungano huo anaruhusiwa begi moja zaidi pale mzigo unapohesabiwa kwa vipande, au kilo 20 zaidi pale unapohesabiwa kwa uzito.

Begi moja zaidi. Nimeusoma mstari huo mara nne. Watu wanahangaikia tiketi ya bure na ukumbi wa kupumzikia wenye viti vizuri. Kwa mchuuzi dhahabu yenyewe ni begi.

27 Januari

Nimejaribu kudai maili za safari ya mwanzoni mwa mwezi, ambazo hazikuingia. Inawezekana kudai baada ya safari, ila kila programu ina muda wake na ukipita umepoteza. Wanataka namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinaonyesha kampuni iliyoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 082 ni Brussels Airlines. Wanaweza kutaka na kadi ya kupandia ndege. Yangu ya kwenda niliitupa Guangzhou. Ya kurudi niliikuta ndani ya kiatu.

Dai langu limekataliwa. Sababu: jina la kwenye tiketi si jina la kwenye akaunti.

Hapa nataka kuandika kwa urefu, maana hili ni letu sisi Wakongo na mshauri wa nje hawezi kulijua. Sisi tuna majina matatu. Jina la ukoo, jina la baada yake, na jina la ubatizo. Wakati wa Mobutu, mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku na watu wakachukua majina ya asili. Baadaye ya Kikristo yakarudi, na ya asili hayakuondoka, ndiyo maana pasipoti zetu zina mistari mitatu. Ndege zinajua mistari miwili tu. Basi kila ajansi inafanya inavyojua. Akaunti yangu ina jina la kwanza na la tatu. Tiketi ya Januari ilikuwa na la kwanza na la pili yakiwa yameunganishwa kama neno moja refu, na la tatu pembeni. Kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Nimetuma picha ya pasipoti na kuomba akaunti irekebishwe iwe na majina yote matatu, kwa mpangilio wa pasipoti. Kuanzia leo tiketi zote za likelemba yetu zitaandikwa kwa mpangilio huo mmoja, na mimi nitaisoma kila tiketi kabla ya pesa kutoka.

3 Februari

Imerekebishwa. Maili za Januari zimeingia: 3,300. Nilitegemea nyingi zaidi. Kutoka hapa hadi Addis ni takriban maili 1,600, Addis hadi Guangzhou kama 5,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 13,200 hivi. Nimepewa robo.

9 Februari

Kikao nyumbani kwa Mama wa Mapazia, Kamalondo. Nilikuja na wazo nililoliona zuri sana: tuweke maili zetu zote pamoja kama tunavyoweka dola, kila mwaka mmoja apate tiketi. Nimelazimika kulizika mwenyewe mbele yao. Maili ni za mtu ambaye jina lake liko kwenye tiketi, hata kama pesa imetolewa na watu watano. Ziko programu zinazoruhusu familia kuunganisha, kama Flying Blue ya Air France na KLM, lakini sisi si familia moja, tuna nyumba tano. Kuuziana maili ndiyo mbaya kabisa. Wakikugundua wanafunga akaunti na kila kitu kinapotea.

Pacha mmoja akauliza swali la maana kuliko yote ya jioni ile: sasa kama maili zinamfuata msafiri, kwa nini tunasafiri wanne?

Kimya. Mahesabu yanasema yuko sawa. Tukigawana safari, hakuna atakayefika dhahabu milele. Wakisafiri wawili tu, kwa niaba ya wote, wawili hao wanapanda, na begi la ziada linakuwa la likelemba nzima. Tukakubaliana: mimi na Mama wa Mapazia. Mapacha walifurahi, wana watoto wadogo na safari zinawachosha.

Mdogo wetu wa Ruashi hakusema kitu mpaka tulipokuwa tunakula bukari, ugali wetu. Akaniambia polepole, “Yaya, njo vile? Mimi nitapanda lini?” Yaani: dada, ndivyo hivyo?

Sikuwa na jibu. Ninaliandika hapa ili mradi usije ukasahau kwamba ulipomnufaisha kila mtu ulimwondoa mmoja kwenye foleni.

2 Machi

Nimeelewa ile robo. Kila tiketi ina herufi ya nauli. Watu wawili wanaweza kukaa viti vya jirani, chakula kimoja, dirisha moja, na herufi zao zikawa tofauti: mmoja anapata robo ya maili, mwingine zote. Herufi za bei ya chini pia ndizo ngumu kubadilisha tarehe.

Nimekwenda ajansi na kuomba bei mbili za Aprili, ya herufi ya robo na ya herufi kamili. Tofauti: dola 140. Yule dada wa ajansi alishangaa, anasema wateja wanauliza bei ya chini basi. Nimeandika hesabu hivi: tukilipa 140 zaidi kwa safari 4 ni dola 560. Kwa pesa hizo tunapata maili 52,800 badala ya 13,200, tunapata haki ya kubadilisha tarehe, na tunasogea kwenye dhahabu. Bila dhahabu, kila safari itaendelea kulipa begi la tatu. Kwa watu wanaosafiri mara moja kwa mwaka kumwona ndugu, nisingewashauri hivi hata kidogo, wachukue bei ya chini na walale. Kwetu sisi nimeona tulipe.

Mama wa Mapazia alinitazama kwa muda, kisha akasema tujaribu.

5 Mei

Nimerudi kutoka maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, awamu ya pili. Yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi mwanzo wa Mei, na Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, na wakati huo hoteli za Guangzhou zinapanda bei vibaya. Maili zimeingia zenyewe siku chache baada ya safari, 13,200, bila barua wala dai. Jina moja, herufi moja, kazi imekwisha.

Kuhusu hoteli. Nilikuwa na matumaini makubwa na nimeyapunguza. Programu ya Accor, kampuni ya mahoteli, inahesabu hivi: pointi 2,000 ni punguzo la euro 40. Mwanachama wa chini kabisa kwenye hoteli yao ya ibis anapata pointi 12.5 kwa kila euro 10. Usiku 6 kwa euro 45 ni euro 270, pointi kama 337, thamani yake haifiki euro 7. Na usipokaa tena ndani ya siku 365 zinakufa. Tovuti ya Booking.com, kwa upande mwingine, inanipa asilimia 10 palepale kwa sababu tu nimejiandikisha, katika hoteli zilizo kwenye mpango huo. Asilimia 10 ya 270 ni euro 27. Huwezi kupata vyote viwili, kwa sababu hoteli za minyororo mikubwa zinatoa pointi kwa anayeweka chumba kwao moja kwa moja, si kupitia mtu wa kati. Sisi tunachukua euro 27.

Lakini mtu anayelala kwa pesa ya mwajiri ni habari nyingine. Fikiria fundi wa mgodi anayekaa Pullman Grand Karavia, hoteli ya Accor hapa Lubumbashi, usiku 20, tuseme euro 150 kwa usiku. Pale ni pointi 25 kwa euro 10, kwa hiyo 7,500, na ni zake yeye aliyelala, si za kampuni iliyolipa. Mdogo wangu wa damu anafanya kazi na mkandarasi wa Kolwezi na analala hotelini nusu ya mwaka. Nimemfungulia akaunti jioni ileile, nimemwambia aulize kila anapofika.

21 Juni

Jaribio la Ndola. Niliona tiketi ya kutokea Zambia ikiwa chini ya ile ya Luano kwa dola 210, na hapo hujaweka Go Pass, ada ya kila anayetoka nchini kwa ndege. Kwenye karatasi ilikuwa inapendeza. Nililala Ndola usiku mmoja, nikalipa magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kurudi ndiko kulikonishinda. Mabegi yalifunguliwa uwanjani Ndola, yakafunguliwa tena mpakani Kasumbalesa, na siku nzima iliishia nyuma ya foleni ya malori ya shaba. Kwa msafiri mwenye begi la mkononi njia hii ina faida ya kweli. Kwa mwenye kilo 69 za viatu haina. Tumeifuta.

Maili zimeingia.

18 Agosti

Safari ya tatu tangu tuanze kulipa herufi kamili, hakuna la kusimulia. Mama wa Mapazia naye ana safari mbili, na akaunti yake mpya inakua. Amejifunza kupiga picha kila kadi ya kupandia ndege, mbele na nyuma, na anatutumia sote kana kwamba ni picha za harusi.

29 Septemba

Dhahabu.

Ilifika kwenye simu nikiwa sokoni Njanja, siku chache baada ya safari ya nne. Nilimwonyesha jirani yangu wa meza, akaniuliza ni benki gani. Nimeketi na kufanya hesabu ya likelemba: begi la ziada safari zote zilizobaki mwaka huu, na mwaka ujao. Zile dola 560 nimezipima kwa jozi za viatu, kama nilivyopima begi Januari. Zitakuwa zimerudi kabla ya Pasaka, na kinachofuata ni faida.

6 Oktoba

Desemba inakaribia na maili zangu za zamani zinakufa. Nimetafuta tiketi ya maili kwa ajili ya mdogo wetu wa Ruashi. Nilikuwa nimeliweka moyoni tangu Februari, sikumwambia, nisije nikamwahidi kitu kisichopatikana.

Na ni kweli hakikupatikana, kwanza. Ndege haitoi viti vyake vyote kwa maili, inatoa vichache, na wakati wa maonyesho ya Oktoba hakuna hata kimoja. Nilisogeza tarehe siku moja moja. Baada ya maonyesho kufungwa, Novemba, viti vikaonekana. Masoko ya jumla hayategemei maonyesho: mikoba inauzwa mwaka mzima katika masoko ya ngozi ya Sanyuanli, na huko ndiko anakotaka kwenda.

Kisha Mama wa Mapazia akafanya jambo. Nilipomwambia mpango akasema, wewe toa kwenda, mimi nitatoa kurudi. Hatuwezi kuunganisha akaunti, lakini hakuna anayetukataza kutoa kila mmoja tiketi ya upande mmoja kwa mtu huyohuyo. Miezi minane nimekuwa nikisema maili haziwezi kuwa likelemba. Yeye ameipata njia akiwa anakunja pazia.

Tiketi ya maili si bure kabisa. Kodi na ada za viwanja tunalipa kwa dola, na Go Pass iko palepale. Tumechanga wote watano. Jina nimeliandika mimi, nikiwa na pasipoti yake mkononi, maneno matatu, nimelisoma mara tatu kabla ya kubonyeza.

Jioni nimemwita. Nilimpa simu asome mwenyewe. Alisoma jina lake, akanyamaza, akasoma tena. Kesho ataanza mambo ya viza ya China.

17 Novemba, Luano

Tunasafiri pamoja, mimi kwa herufi yangu kamili, yeye kwa maili. Mabegi yetu ya kwenda ni matupu, moja ndani ya lingine. Nimemweleza mambo ya kwenye mizani ya Guangzhou siku ya kurudi: la ziada litapita kwa jina langu, kwa hiyo mikoba mizito aiweke kwangu na viatu vyangu vyepesi vije kwake.

Nilikuwa bado naongea alipopewa kadi yake ya kupandia ndege. Aliiweka juu ya kaunta, akaipiga picha mbele. Akaigeuza, akapiga na nyuma.